Safu ya Sita ya Kitabu cha Wageni

Dominika alinunua kitabu cha wageni mwezi wa pili, siku tatu baada ya mkutano wa kata, na hadi mwezi wa sita hakuwa ameandika ndani yake hata mstari mmoja. Kilikaa juu ya kabati la vyombo, bado kimefungwa kwenye nailoni yake, na kila Jumamosi alikipangusa vumbi pamoja na sanamu ya Bikira Maria iliyosimama pembeni.

Nyumba yake iko Milanzi, mjini Sumbawanga: tofali za kuchoma, bati lililoanza kutu, na nyuma vyumba viwili vinavyotazama uani. Mumewe, marehemu Kalisti, alivijenga kwa ajili ya ndugu watakaotoka vijijini kuja hospitali au mahakamani. Kalisti alipofariki ndugu walipungua, na vyumba vikabaki kuhifadhi magunia ya ulezi. Mwanawe pekee, Adriano, anaishi Mbeya na mke wake. Kila likizo alimwambia mama yake auze nyumba ahamie kwao, na kila likizo Dominika alijibu kwamba atafikiria. Alikwisha kufikiria. Aliwahi kukaa kwa mkamwana wake majuma matatu, na siku ya nne aliambiwa kwa upole kwamba sufuria ile si ya ugali. "Mimi nimezaliwa kupokea wageni," aliniambia. "Kuwa mgeni sikufundishwa."

Aliyemwokoa ni jirani yake Kulsumu, mjane kama yeye, mwenye duka la vitenge mjini. Kulsumu aliona watu wanaanza kuja Sumbawanga kutembea tu: wengine kuangalia maporomoko ya Kalambo, wengine kushuka Kasanga kuogelea ziwani, wengine watoto wa huku waliokulia Dar es Salaam na sasa wanataka kuona babu zao walikolima. Hawakutaka gesti zenye muziki. Kulsumu akapiga picha vyumba vyake, akaziweka mtandaoni, wageni wakaja. Akavuka njia akapiga picha na vya Dominika. Kufikia mwaka wa tatu nyumba nane za mtaa ule zilikuwa zinapokea watu wa siku mbili tatu, na Dominika alikuwa anakula kwa vyumba vile.

Kisha likaja agizo la mji. Nyumba yoyote inayolaza msafiri kwa muda mfupi iandikishwe kama nyumba ya wageni. Iwe na choo cha wageni mbali na cha familia, mtungi wa kuzimia moto, leseni, na kitabu chenye safu sita: tarehe, jina, namba ya kitambulisho, anakotoka, anakokwenda, na ndugu wa kuarifiwa likitokea la kutokea. Asiyetimiza atafungiwa. Atakayetoa maelezo ya uongo atafungiwa na kushtakiwa. Mtendaji wa kata, Bwana Alois, aliyasoma hayo mara mbili, polepole, kwa sauti ya mtu asiyefurahia anachosoma.

Mtungi Dominika aliupata. Choo cha pili hakukiweza. Lakini kilichomkalia kooni ni safu ya sita. Kule alikokulia, kwenye vijiji vya juu ya uwanda, mgeni hukalishwa, hupewa maji, hulishwa, na habari yake huulizwa akishashiba. Sasa umpokee mtu mlangoni, begi bado liko mkononi, umuulize nani apigiwe simu akifa?

"Huo ni uchuro," alimwambia Kulsumu. "Unamchuria mtu ndani ya nyumba yako mwenyewe."

"Basi usimuulize."

"Na kitabu?"

"Kitabu ni cha wageni," Kulsumu alisema. "Ndugu haandikwi kitabuni. Agizo lenyewe linasema ndugu wa familia hawahusiki. Wakija, useme ni ndugu. Mimi nina binamu wawili ndani sasa hivi, mmoja Mjerumani."

Nimejaza fomu za wageni katika miji mingi. Bujumbura waliniuliza jina la babu yangu. Ndola walitaka namba ya gari nisilokuwa nalo. Lisbon kijana mmoja alipiga picha pasi yangu bila kuniangalia usoni. Na kila mahali, nikifika pale pa ndugu wa kuarifiwa, kalamu husita kidogo. Kwa hiyo Dominika aliponieleza kwa nini kitabu kilikaa miezi minne kwenye nailoni, sikumwona mjinga. Mimi nilikuwa nimelala kwake mara mbili mwaka uliotangulia, na hakuniuliza chochote zaidi ya kama nakula samaki.

Mzee Raymond alifika Jumapili moja ya mwezi wa sita, kwenye baridi ile ya upepo inayowafanya watu wa Sumbawanga wavae makoti hadi saa tano. Alikuwa mrefu, amevaa kofia ya pama, na alikuwa na begi moja dogo. Alisema ametoka Urambo, kwamba ujanani aliwahi kuwa karani wa mizigo bandarini Kasanga, na kwamba hii ndiyo likizo ya kwanza aliyojipa maishani mwake. Alilipia siku sita.

Jumatatu alikwenda Kalambo akarudi amelowa na furaha. Jumanne alishuka Kasanga. Huko alisimama gatini akimwonyesha mwenye boti picha ya alivyokuwa kijana, simu ikamponyoka ikazama.

"Mama watoto atasema nimeitupa makusudi," alimwambia Dominika jioni ile. "Kila siku saa moja lazima niripoti kama askari."

"Chukua yangu umpigie, baba."

Raymond aliishika simu ya Dominika, akaikodolea macho, akairudisha. "Miaka thelathini na nane namjua yeye. Namba yake simu ndiyo iliyokuwa inaijua." Akacheka, lakini hakumaliza ugali wake. Alisema Jumamosi atakuwa njiani, na atamweleza mwenyewe uso kwa uso.

Jumatano mchana Bwana Alois na bwana afya waliingia uani bila kupiga hodi ya pili. Raymond alikuwa mezani, kwenye kivuli cha ukuta, mbele ya ugali wa ulezi na samaki wa ziwani, migebuka. Alois alikuwa na fomu ya kuandika wote wanaolala katika nyumba ile.

"Shikamoo mama. Huyu baba ni nani?"

Dominika anasema hakuwa amepanga. Alitazama kabati kupitia mlango ulio wazi, akakiona kitabu kiking'aa kwenye nailoni, akamwona mkamwana wake na sufuria yake. "Ni shemeji yangu," alisema.

Alois alimpima mzee kwa macho. "Mfipa huyu?"

"Mnyamwezi," Raymond alijibu mwenyewe, bila kuacha kumega. "Nilimwoa dada yake. Mahari walinitoza hadi leo mgongo unauma."

Bwana afya alicheka. "Wafipa bwana."

"Wewe cheka tu, mwanangu, halafu uoe hapa."

"Na dada mwenyewe?" Alois aliuliza.

"Alitangulia," Dominika alisema, na hapo sauti yake haikuwa ya uongo. Alikuwa na dada kweli, Jenifa, aliyefariki akiwa darasa la pili alipoletwa hospitali, akazikwa hapa mjini. Hakuna aliyewahi kumwoza hadi mchana ule.

Alois aliinamisha kichwa akatoa pole. Akaandika: Raymond, shemeji wa mwenye nyumba. Dominika akatia sahihi, Raymond akatia ya kwake kwa madaha ya karani, maofisa wakaenda zao kwa Kulsumu kukutana na binamu.

Raymond alifurahia mchezo ule kuliko maporomoko. Tangu saa ile hakumwita tena mama. "Shemeji, chai ipo? Shemeji, hii baridi mnaiweza vipi?" Alhamisi alimpasulia kuni zote za wiki, akisema shemeji hakai bure ukweni. Dominika alimkataza. Alimwona anashika kifua anapoinuka, akamwambia apumzike, naye akasema ni baridi tu.

Ijumaa asubuhi alikaa kwenye kiti nje ya chumba chake, juani, koti limefungwa vifungo vyote. Dominika alimletea uji. Aliporudi kuchukua kikombe, uji ulikuwa umeota utando, na Raymond alikuwa ameinamisha kofia kama mtu aliyesinzia. Alimwita baba. Akamwita shemeji. Kisha akapiga yowe, na yowe hilo, anasema, ndilo lililomponza, kwa sababu Milanzi yowe moja linatosha.

Ndani ya saa moja uani palijaa. Wanawake wa jumuiya yao ya Kikatoliki walikuja na unga na kuni. Vijana wakafunga turubai. Habari ilikwisha kufika kabla hajafungua mdomo: Mama Adriano amefiwa na shemeji yake, yule Mnyamwezi mcheshi. Mganga wa zahanati alikuja, akasema ni moyo. Alois naye alikuja, amevua kofia, akamshika Dominika mikono yote miwili.

"Pole sana, mama. Juzi tu tumecheka naye. Kibali cha mazishi nitakuandikia mwenyewe, fomu yake si ninayo. Mnazika hapa, au mnamsafirisha?"

Kabla Dominika hajajibu, mwanamke mmoja alisema, "Ameoa hapa, mke wake yuko hapa. Azikwe karibu na mkewe." Wenzake wakaitikia. Ikapangwa: Jumamosi saa nane mchana. Kaburi likaanza kutafutiwa mahali, karibu na alipolala mtoto wa miaka minane aliyegeuzwa mke.

Dominika aliingia chumbani kwa Raymond kutafuta nguo za kumvalisha. Ndani ya begi alikuta mashati mawili, dawa za shinikizo la damu, kitambulisho cha taifa, na kanga mpya ndani ya gazeti, zawadi ya mtu. Aliketi kitandani na kanga ile mapajani. Kulsumu alimkuta hapo, akafunga mlango.

"Najua unachofikiria, Mama Adriano."

"Mke wake anangoja simu ya saa moja tangu Jumanne."

"Anangoja, ndiyo. Na ukisema, hatafufuka."

"Kitambulisho hiki hapa. Polisi wakipewa watampata leo leo."

"Na wewe watakupata leo leo." Kulsumu aliketi karibu naye. Hakuwa mkali. "Umetia sahihi uongo mbele ya serikali. Watafunga hapa, watakupeleka mahakamani, halafu watavuka njia waje kwangu waulize binamu zangu. Nyumba nane, jirani. Rahel wa pale kona anasomesha kwa vyumba vile. Mzike vizuri. Sanda nzuri, sala nzuri. Miezi miwili ikipita tutatafuta njia ya kumjulisha mkewe."

"Tumwambie nini? Kwamba tumemzika kwa mke mwingine?"

Kulsumu aliinuka kitandani. Kisha akasema neno alilojua lingefika. "Mbeya wana vyumba vingapi?"

Dominika aliikunja kanga akairudisha ndani ya gazeti. Aliniambia hakuwa ameamua lolote alipotoka nje. Alikuwa na woga tu, na woga una tabia ya kukaa kimya na kuacha watu waendelee na shughuli. Jeneza lilikwisha kuagizwa. Mtu akamletea kanga nyingine, ya msiba, afunge kiunoni, akaifunga.

Saa kumi jioni alikuja Mwalimu Eustaki, katibu wa jumuiya, mtu mwenye mwandiko mzuri ambaye huandika wasifu wa kila marehemu wa mtaa ule. Kwa watu wetu maiti hashuki kaburini kimya. Lazima asimame mtu na karatasi, asome: alizaliwa lini na wapi, alisoma wapi, alifanya kazi gani, alifunga ndoa lini, ameacha nani. Walioishi naye husikia mambo wasiyoyajua, na wasiomjua hupata kumjua kidogo kabla ya udongo. Asiye na wasifu huzikwa kama mzigo.

Eustaki alivuta kigoda mbele ya Dominika, akaweka daftari gotini. Wanawake waliokaa mkekani walisogea ili wasikie.

"Pole, mama. Hatutachukua muda. Jina kamili?"

Hilo alilijua kutoka kwenye kitambulisho.

"Mwaka wa kuzaliwa?" Na huo. "Mahali?"

"Urambo. Anakotoka ni Urambo."

"Kuzaliwa au kuishi?"

"Sijui."

Eustaki aliandika, akaruka mstari. "Wazazi wake?"

Dominika alitikisa kichwa.

"Shule? Ndoa na marehemu dada yako ilifungwa mwaka gani? Parokia gani?"

Dominika alitazama kalamu. Anasema aliziona safu zile sita, zimepangwa vilevile, kwa mwandiko mwingine. Kila swali alilokwepa kumuuliza mgeni kwa adabu, sasa lilikuwa linaulizwa, na aliyekuwa na jibu alikuwa amelala chumba cha pili amefungwa taya.

"Ameacha watoto wangapi, mama?" Eustaki aliuliza kwa sauti ya chini, akidhani ni uchungu unaomzuia. "Taja mmoja mmoja, nitaandika polepole."

"Andika simjui," Dominika alisema.

"Watoto huwajui?"

"Yeye. Simjui. Si shemeji yangu. Alikuwa mgeni, alikuja Jumapili, amelipia siku sita. Ana mke yuko hai na sijui hata jina lake."

Mwanamke mmoja alianza kusema neno la Kifipa kisha akaliacha katikati. Kulsumu, aliyekuwa amekaa na wanawake wenzake karibu na jiko, aliinuka, akajipangusa majivu, akaondoka bila kumwangalia mtu. Eustaki alifunga daftari. Dominika aliifungua kanga ya msiba kiunoni, akaikunja, akaiweka juu ya mkeka kama kitu cha kuazima. Akachukua kitambulisho akaenda ofisi ya kata kwa miguu.

Alois alimsikiliza hadi mwisho. Hakupandisha sauti, na hilo lilimuuma Dominika zaidi. "Mama, nilikupa pole ya dada yako," alisema. Kisha akapiga simu polisi.

Mke wa Raymond alipatikana usiku ule ule. Alifika Jumapili kwa basi, amekonda uso kwa safari, na kaka yake amembeba begi. Dominika alimpokea mlangoni kwa magoti, akamletea maji. Mama yule hakuyanywa. Aliomba kuona kiti, akakiona. Aliuliza alikula nini mara ya mwisho, akaambiwa.

"Tangu Jumanne napiga simu," alisema. "Naambiwa haipatikani. Ijumaa nimeshinda kituo cha mabasi Urambo nikiangalia wanaoshuka. Na hapa mlikuwa mnachimba kaburi."

"Ndiyo, mama."

"Kwa sababu ya vyumba."

"Ndiyo."

Dominika alimpa ile kanga. Mama alilifungua gazeti, akasoma maneno ya kanga, akaifunga tena. Hakusema amesamehe, na Dominika hakuomba. Kabla ya gari la jeneza kuondoka, kaka mtu aliuliza kama kuna mahali wanapotakiwa kusaini, na Dominika, kwa kukosa la kufanya na mikono yake, akateremsha kitabu kutoka kabatini na kukichana nailoni. Mama alichukua kalamu. Aliandika tarehe ya Jumapili ile nyingine, jina la mumewe, namba ya kitambulisho. Anakotoka, Urambo. Anakokwenda, akaandika tena Urambo. Katika safu ya sita akaandika jina lake mwenyewe na namba yake, tarakimu kubwa, akizikandamiza hadi zikatokea ukurasa wa pili. Akafunga kitabu, akapanda gari.

Vyumba vilifungiwa Jumatatu. Mbili kati ya nyumba zile nane zilifungiwa wiki hiyohiyo, ya Kulsumu ikiwa ya kwanza. Shauri la Dominika liliishia kwa faini na onyo, maana Alois alieleza kwamba alijileta mwenyewe. Kulsumu amefungua tena, ana kibao na leseni ukutani. Wakikutana njiani anasema "Habari za asubuhi," kama unavyomsalimu mteja.

Dominika aliuza jembe la ng'ombe la Kalisti akajenga choo cha pili. Adriano hakumsemesha mwezi mzima, kisha akamtumia bati mbili. Leseni ilitoka mwezi wa kumi. Nilikuwa jikoni kwake, nimelala chumba cha kwanza, jina langu likiwa mstari wa pili kitabuni, simu ilipoita: familia kutoka Dodoma, watu wanne, wanataka kuja Krismasi kuona Kalambo.

Alieleza bei, maji ya moto, baridi. Kisha akasimama wima, akashika ukingo wa meza. "Na kabla hamjaja, baba, naomba jina la ndugu yenu na namba yake. Wa kumpigia, likitokea la kutokea."

Sauti ya upande wa pili niliisikia kutoka nilipokaa. "Mama, unatuombea tufe?"

Simu ikakatwa. Dominika aliiweka karibu na kitabu, akarudi kuchekecha unga wa ulezi. Ilipoita tena, nusu saa baadaye, ilikuwa namba nyingine. Alijifuta mikono, akaomba jina la ndugu kwanza, kabla ya kutaja bei.